Taa ya upepo wa tairi: inamwambia nini dereva wa Lodwar na Kakuma

Kwenye dashibodi ya magari mengi yaliyotengenezwa miaka ya karibuni kuna taa ndogo ya manjano. Umbo lake ni kama tairi iliyokatwa wima, iliyo wazi upande wa juu, na katikati yake kuna alama ya mshangao. Ikiwaka, dereva wengi hutoa kichwa dirishani, hutazama tairi, huziona zimesimama, kisha huendelea na safari. Mjini Lodwar, ambako fundi wa pancha yuko hatua chache tu, mazoea hayo huenda yasimgharimu mtu sana. Katika barabara ya kwenda Kakuma, yenye takriban kilomita 120 na vipande virefu visivyo na fundi, kivuli wala nyumba, yanaweza kumgharimu gari na hata maisha ya abiria.

Makala haya yanaeleza taa hiyo hupima nini, huwaka wakati gani, na dereva afanye nini akiiona akiwa barabarani. Pia yanagusa magari ambayo hayana taa hiyo kabisa, ambayo ndiyo mengi katika kaunti hii.

Barabara mpya, hatari mpya

Wakazi wa muda mrefu wanaikumbuka barabara ya zamani. Lami ilipobomoka, madereva waliiacha na kupita kando yake, kwenye mchanga na mawe. Tairi ziliharibika kila wiki, lakini ziliharibika gari likienda polepole. Jiwe lilichana tairi, gari likasimama, jeki ikatolewa, watu wakakaa chini ya mti wakisubiri. Ilikuwa kero, ila mara chache ilikuwa msiba.

Sasa kuna lami mpya katika barabara ya A1 inayotoka Lodwar kupitia Kakuma hadi Nadapal mpakani na Sudan Kusini, mradi uliosimamiwa na Mamlaka ya Barabara Kuu nchini, KeNHA, kwa ufadhili wa Benki ya Dunia. Safari iliyokuwa ya nusu siku imekuwa ya saa chache. Kwa sababu hiyo, tairi haziharibiki tena kwa namna ile ya zamani. Jiwe si adui mkubwa tena. Adui mkubwa ni joto, na joto hilo huzaliwa pale upepo mdogo unapokutana na mwendo wa kasi.

Tairi yenye upepo wa kutosha husimama wima na kugusa lami kwa sehemu ndogo. Upepo ukipungua, kuta za pembeni hulegea. Kila tairi inapozunguka, kuta hizo hukunjwa zikifika chini na kunyooka zikipanda, mamia ya mara kwa dakika. Atakaye kujua matokeo yake achukue kipande cha waya akikunje na kukikunjua haraka kwa vidole: baada ya muda mfupi kitakuwa cha moto, kisha kitakatika. Ndani ya tairi kuna nyuzi za chuma na tabaka za mpira zilizogandishwa pamoja, nazo hupata moto kwa njia hiyo hiyo hadi tabaka zinaanza kuachana. Kwa nje tairi bado inaonekana nzima. Ongeza lami iliyochomwa na jua la Turkana, ambako joto la mchana hufika nyuzi 35 na kupita, ongeza abiria na magunia, ongeza kilomita 100 kwa saa. Mpasuko ukitokea katika hali hiyo, gari huvutwa upande mmoja kabla dereva hajajua kilichotokea.

Taa hii ilitoka wapi

Taa hii ilianza kuwekwa kwa lazima baada ya watu wengi kufa. Mwaka 2000 nchini Marekani, kampuni ya Firestone iliwataka wenye magari warudishe tairi zipatazo milioni 6.5, nyingi zikiwa zimefungwa kwenye magari ya aina ya Ford Explorer. Tabaka la juu la tairi hizo lilikuwa likibanduka gari likiwa kwenye kasi, na gari likabingirika. Zaidi ya watu 200 walipoteza maisha. Visa vingi vilitokea katika majimbo yenye joto kali, yakiwemo Texas, Florida na Arizona. Kampuni hizo mbili zilibishana sana kuhusu nani alaumiwe, lakini mambo yaliyojitokeza katika uchunguzi yalikuwa yale yale: utengenezaji wa tairi, upepo mdogo, mzigo, mwendo na joto.

Tarehe 1 Novemba 2000, Rais Bill Clinton alitia sahihi sheria iliyoagiza magari yawekewe mfumo wa kumwonya dereva upepo ukipungua. Kufikia Septemba 2007, kila gari dogo jipya lililouzwa Marekani lilipaswa kuwa nao. Umoja wa Ulaya ulifuata, na tangu Novemba 2014 gari lolote jipya la abiria linalouzwa huko lina taa hiyo. Japani haikuweka sharti kama hilo, na huko ndiko yanakotoka magari mengi yaliyotumika yanayoingizwa Kenya. Ndiyo maana magari mawili ya umri mmoja, yakiwa yameegeshwa pamoja mbele ya duka moja Kakuma, moja linaweza kuwa na taa na jingine lisiwe nayo.

Kuna jambo moja katika sheria hizo ambalo kila dereva anapaswa kulijua. Sheria ya Marekani inataka taa iwake upepo unapokuwa umepungua kwa robo, yaani asilimia 25 chini ya kiwango cha gari. Ulaya ni asilimia 20. Gari linalohitaji PSI 32 litawasha taa likifika 24 kwa kipimo cha Marekani, au karibu 26 kwa kipimo cha Ulaya. Kwa hiyo tairi yenye 27 inaweza kwenda kutoka Lodwar hadi Lokichoggio ikikunjwa na kuchemka bila taa kuwaka hata mara moja. Taa ikizimika haimaanishi kwamba upepo unatosha. Na taa ikiwaka, haimaanishi kwamba upepo ndio kwanza umeanza kupungua. Ulikwisha kupungua zamani.

Kuwaka tu, na kupepesa kwanza

Taa huwaka kwa namna mbili, na maana zake hazifanani.

Ya kwanza ni taa inayowaka na kutulia. Hiyo inasema tairi moja au zaidi haina upepo wa kutosha. Ya pili ni taa inayopepesa kwa muda wa dakika moja hivi baada ya gari kuwashwa, kisha ikatulia ikiwa imewaka. Hiyo haisemi lolote kuhusu upepo. Inasema mfumo wenyewe una hitilafu na hauwezi kupima. Dereva anayechelewa kutazama dashibodi asubuhi huikuta tayari imetulia, na hawezi kutofautisha. Njia rahisi ni kuzima gari, kusubiri kidogo, kuliwasha tena na kuitazama taa tangu mwanzo.

Ili kuelewa kwa nini hitilafu hizo ni nyingi hapa kwetu, ni vizuri kujua mfumo unavyofanya kazi. Kuna aina mbili. Katika aina ya kwanza, kila gurudumu lina kihisi, kifaa kidogo kinachokaa ndani ya tairi kwenye mguu wa valvu. Kihisi hicho hupima upepo na kutuma taarifa kwa redio hadi kwenye gari. Kina betri yake, na betri hiyo imefungiwa ndani. Haibadilishwi, ikiisha kinanunuliwa kihisi kipya. Kwa kawaida hudumu kati ya miaka 5 na 10.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, na wanunuzi wengi huchukua magari yaliyokaribia umri huo kwa sababu bei yake ni nafuu. Maana yake ni kwamba gari linashuka bandarini Mombasa betri za vihisi zikiwa zimebakiza muda mfupi. Mwenye gari anafurahia gari lake jipya kwa mwaka mmoja au miwili, kisha taa inaanza kupepesa, naye anaambiwa na jirani kwamba taa hiyo ni ya kupuuzwa. Huo ndio ushauri mbaya kuliko yote, kwa sababu siku tairi itakapopungua kweli, taa haitakuwa na namna nyingine ya kusema.

Atakayeamua kununua kihisi kipya aulize kwanza kinatumia masafa gani ya redio. Vya magari ya Japani na Marekani mara nyingi ni megahezi 315, na vya Ulaya ni 433. Kihisi kisicholingana na gari hakitasikika hata kikiwa kipya. Na mtu anapobadilisha tairi, amwambie fundi mapema kwamba ndani kuna kihisi. Chuma cha kubandulia tairi kikiingizwa karibu na valvu hukivunja mara moja, na fundi asiyejua hana kosa.

Aina ya pili haina kihisi ndani ya tairi. Gari hutumia vipimo vya breki za ABS kuhesabu kila gurudumu linavyozunguka. Tairi iliyopungua upepo huwa fupi kidogo, hivyo huzunguka mara nyingi zaidi kuliko wenzake, na gari hutambua tofauti hiyo. Mfumo huu hauna betri ya kuisha, lakini una udhaifu wake: tairi zote nne zikipungua kwa pamoja na kwa kiasi kile kile, kama inavyotokea mtu asipopima kwa miezi, gari linaweza lisione tofauti yoyote.

Magari ya aina hii huwa na kitufe, mara nyingi chini ya usukani, au sehemu katika menyu ya gari, ya kuliambia gari lianze kuhesabu upya. Katika magari mengi ya Toyota kimeandikwa SET. Hubonyezwa gari likiwa limesimama na swichi imefunguliwa, mpaka taa ipepese mara tatu taratibu. Kitufe hicho kazi yake ni moja tu: kubonyezwa baada ya tairi zote kupimwa na kujazwa. Anayekibonyeza ili kuizima taa bila kuongeza upepo analifundisha gari kwamba tairi laini ndiyo hali ya kawaida. Gari litakubali, na halitamwonya tena.

Taa ikiwaka mkiwa njiani

Chukua mfano wa gari lililotoka Lodwar saa saba mchana. Limevuka laga ya Kawalase, limekwenda kilomita 50, na taa inawaka na kutulia. Dereva asikanyage breki kwa nguvu wala kukata kona ghafla. Aondoe mguu kwenye mafuta polepole, ashike usukani kwa mikono miwili na asikilize. Usukani ukivuta upande mmoja, au sehemu ya nyuma ikiyumba, au kukiwa na sauti ya kupigapiga, tairi imekwisha na gari lisimame mara moja mahali palipo salama. Kama gari linakwenda sawa, apunguze mwendo hadi kilomita 50 kwa saa au chini yake na atafute mahali pa kusimama.

Mahali penyewe ni muhimu. Pawe tambarare, pagumu, nje kabisa ya lami, na panapoonekana kutoka mbali pande zote mbili. Pasiwe ndani ya laga hata kama mchanga umekauka na mawingu hayaonekani, kwa kuwa mvua iliyonyesha mbali milimani hufika bila kubisha hodi. Penye boma au kituo cha biashara ni bora kuliko nyikani. Abiria washuke na wakae mbali na barabara, upande wa kivuli kama upo. Pembetatu za onyo ziwekwe mbele na nyuma ya gari, umbali wa kutosha ili lori la mizigo linalokwenda Lokichoggio lipate nafasi ya kupunguza mwendo.

Kisha tairi zote nne zipimwe kwa geji, si kwa jicho wala kwa teke. Tairi za kisasa zina kuta ngumu. Yenye PSI 22 na yenye 32 zikiwa zimesimama kando kando hufanana. Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Dereva hupiga teke, husikia sauti, huridhika.

Ikiwa tairi moja iko chini ya zingine kwa kiasi kikubwa, kuna pancha. Kama inapoteza upepo taratibu na dereva ana pampu ya umeme ya gari, anaweza kuijaza, kusubiri dakika kumi, na kuipima tena. Ikikaa, aende polepole hadi kwa fundi wa karibu, akisimama kuipima kila baada ya kilomita 15 au 20. Isipokaa, afunge spea. Ikiwa tairi imetembea ikiwa karibu tupu, hata kwa kilomita mbili tu, isijazwe na kurudishwa kazini. Ndani kuta zake zimekwisha kusagika, na dalili yake ni unga mweusi wa mpira unaomwagika tairi inapobanduliwa.

Shinikizo la kuendelea na safari huwa kubwa. Abiria wana haraka, mwingine ana ndege ya kuwahi, mwingine amebeba samaki wa Kalokol wanaoharibika kwa joto. Mzito kuliko wote ni mgonjwa wa rufaa anayepelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Lodwar. Dereva akisikia mama mzazi analia nyuma ya gari, anaona kusimama ni ukatili. Lakini hesabu haiko upande wake. Kuongeza upepo huchukua dakika kumi, na kubadilisha gurudumu dakika 20 kwa mtu aliyezoea. Tairi ikipasuka kwa kasi, gari likabaki kwenye rimu au likapinduka, mgonjwa hafiki saa hiyo, na walio naye wanakuwa wagonjwa pia. Kituo cha afya kinachotuma gari kwa safari kama hiyo kina sababu ya kutosha ya kuhakikisha tairi zimepimwa kabla mgonjwa hajapandishwa.

Na tairi ikipasuka kweli? Mikono miwili kwenye usukani, gari lishikiliwe linyooke, mguu uondolewe kwenye mafuta taratibu, breki iachwe. Breki ikanyagwe gari likiwa limeshapunguza mwendo lenyewe. Ni maneno machache na ni magumu kuyatekeleza, hasa kwa mwenye kasi ya kilomita 120 kwa saa.

Kupima asubuhi, na kosa la mchana

Kiwango sahihi cha upepo kimeandikwa kwenye kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva, na katika magari mengine ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Kisichanganywe na namba iliyochorwa kwenye tairi yenyewe. Ile ya kwenye tairi ni ya juu kabisa inayoweza kubebwa na tairi; haijui imefungwa kwenye gari gani. Kwenye magari ya kubebea mizigo, kibandiko huwa na namba mbili, moja ya gari tupu na nyingine ya gari lililojaa, na ya tairi za nyuma mara nyingi ni kubwa zaidi. Probox inayokwenda Kakuma ikiwa na abiria na magunia juu haiwezi kutumia namba ya gari tupu.

Vibandiko vya Kijapani huandikwa kwa kilopaskali, wakati geji za hapa nyingi husoma PSI. Kilopaskali 220 ni PSI 32, 240 ni 35, na 280 ni takriban 41. Geji zenye kipimo cha bar husoma 2.2 kwa 220.

Upepo hupimwa tairi ikiwa baridi, yaani gari halijatembea kwa saa tatu au zaidi na jua halijaichoma. Hapa kwetu wakati huo ni saa kumi na mbili asubuhi. Kufikia saa tatu, tairi zilizo upande wa jua zimeshapanda.

Kosa linalojirudia ni hili. Dereva anafika Kakuma mchana, anapima, anaona 38 badala ya 32. Anaogopa. Amesikia kwamba upepo ukizidi kwenye joto tairi hupasuka. Anamwambia kijana wa kituo cha mafuta, "Ndugu, hebu punguza kidogo, zimejaa sana hizi." Kijana anapunguza hadi 32. Kesho yake alfajiri, tairi zikiwa zimepoa, zina karibu 27. Dereva hajui, taa haijawaka kwa kuwa haijafika robo, na anaanza safari ya kurudi Lodwar akiwa na tairi laini, zitakazochemka zaidi kuliko jana. Upepo uliopanda mchana haukuwa kosa. Watengenezaji wa tairi wanajua hewa hutanuka ikipata joto, na kiwango cha kibandiko kimeshalizingatia hilo. Tairi ya moto haipunguzwi upepo. Ikibidi kupima mchana kwa sababu ya dharura, linganisha tairi kwa tairi: yenye tofauti kubwa na wenzake ndiyo yenye shida.

Hali hiyo inaeleza pia taa inayowaka alfajiri na kuzimika saa nne. Wengi hudhani ni kasoro ya umeme. Sivyo. Usiku umepunguza upepo kidogo na kuufikisha kwenye mstari wa onyo, jua limeupandisha tena. Tairi hiyo inahitaji upepo hata kama taa imejizima yenyewe.

Miiba na mchanga

Kuna sababu mbili za taa kuwaka ambazo dereva wa Nairobi hazijui sana. Ya kwanza ni mathenge. Mti huu ulioletwa miongo kadhaa iliyopita kuzuia jangwa, ambao kwa Kiturkana huitwa etirae, umefunga njia nyingi za pembeni, kingo za Turkwel na viwanja vya kuegeshea magari. Mwiba wake ni mgumu na hupenya mpira wa tairi, kisha hukatikia humo. Kipande kilichobaki huziba tundu lake chenyewe kwa sehemu, hivyo upepo hutoka kidogo kidogo kwa siku tatu au nne. Dereva hujaza, taa huzima, baada ya siku nne huwaka tena. Tairi inayorudia hivyo si ya kujazwa tu. Imwagiwe maji ya sabuni na kutafutwa povu linapochemka, na fundi apapase upande wa ndani kwa tahadhari, kwa kuwa miiba huwa mitatu pale mtu anapotafuta mmoja. Tundu lililo kwenye sehemu inayogusa barabara huzibika vizuri. Lililo kwenye ukuta wa pembeni halizibwi kwa safari ndefu, hata fundi akiahidi.

Ya pili ni mchanga. Anayekwenda Eliye Springs au kuingia kwenye laga kwa gari la magurudumu manne yanayovuta hupunguza upepo kwa makusudi, hadi PSI 18 au 20, ili tairi itanuke isizame. Taa itawaka, na ni haki yake. Tatizo ni pale gari linaporudi kwenye lami na dereva akaizoea taa. Aliyepunguza upepo ahakikishe ana pampu ya kuurudisha, na aurudishe kabla ya kuingia lami, si baada ya kufika nyumbani.

Kwa wasio na taa

Gari lisilo na taa linahitaji geji, kifaa kinachotosha mfukoni. Geji za vituo vya mafuta hudondoshwa chini mara nyingi na husoma tofauti, hivyo ni vyema dereva awe na yake na aitumie hiyo hiyo kila mara. Tairi nzima hupoteza PSI moja au mbili kwa mwezi bila pancha yoyote. Kwa gari la abiria linalofanya safari ya Lodwar na Kakuma kila siku, kupima kila asubuhi kabla ya kupakia si jambo la kuzidisha. Kwa gari la nyumbani, mara moja kila wiki mbili na kabla ya kila safari ndefu.

Wakati wa kupima, itazamwe pia tarehe ya tairi. Pembeni kuna herufi DOT, na mwisho wake tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira uliokaa miaka mingi juani hupasuka nyufa ndogo hata kama meno yake bado ni marefu.

Spea nayo ipimwe siku hiyo hiyo. Katika magari mengi haina kihisi, kwa hiyo taa haitawahi kusema chochote kuihusu, na ikifungwa taa inaweza kuendelea kuwaka ingawa upepo upo. Spea nyembamba ya muda, inayokuja na baadhi ya magari madogo, huhitaji upepo mwingi zaidi, kwa kawaida PSI 60, na mwendo wake usizidi kilomita 80 kwa saa. Hiyo ni ya kumfikisha mtu kwa fundi wa karibu, si ya kumaliza safari ya Kakuma. Magari mengine hayana spea kabisa, yana chupa ya dawa ya kuziba na pampu ndogo. Chupa hiyo ina tarehe ya kuisha iliyoandikwa juu yake, na haisaidii tairi iliyochanika pembeni. Mwenye gari la namna hiyo atafute gurudumu kamili la tano kabla ya kuanza safari za Kakuma.